Deni Lina Mwenyewe

Lami inayotoka Karatu inaishia lango la Lodoare. Ukishavuka hapo, barabara ya changarawe inapanda ikijipinda msituni kuelekea ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, na asubuhi ukungu huwa mzito hata madereva huwasha taa. Nilikuwa nakwenda Sale, tarafa ya upande wa kaskazini mashariki mwa wilaya ya Ngorongoro, kwa Wabatemi ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wasonjo. Wasafiri wengi watokao Arusha hupita chini, kwa Mto wa Mbu, Engaruka na Ziwa Natron. Mimi nilichagua njia ya juu kwa makusudi. Nilitaka kumtafakari Mwalimu Julius Nyerere nikiwa katika nchi ambayo sifa zake peke yake hazitoshi kumweleza.

Mimi ni mtoto wa shule zake. Mama yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, jioni baada ya shamba, katika darasa la kisomo. Barua ya kwanza aliyoandika maishani mwake aliniandikia mimi nikiwa shule ya bweni, na herufi zake zilikuwa kubwa, zimeinama zote upande mmoja. Hayakuwa mambo ya nyumba yetu peke yake. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, takwimu rasmi zilionyesha kuwa karibu watu wazima tisa katika kila kumi walijua kusoma na kuandika, katika nchi ambayo wakati wa uhuru wengi hawakujua. Mwalimu alitupa lugha moja ya kusemezana kutoka Butiama hadi Mtwara. Alifungua milango kwa wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini nchi yenyewe ikiwa maskini. Mwaka 1985 aliondoka madarakani kwa hiari yake, akarudi kijijini kwake, na hakuna aliyepata kusema kwamba alijilimbikizia mali. Mwaka 2005 Kanisa Katoliki lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Mtu wa namna hiyo hujitokeza mara chache katika historia ya taifa lolote, na ninayaandika haya kwa shukrani isiyo na masharti.

Ndiyo maana safari hii ilikuwa nzito.

Ukingoni, kando ya barabara, kuna mnara wa mawe uliojengwa kama piramidi ndogo. Magari ya watalii husimama hapo dakika chache, watu wakapiga picha, wakaendelea. Amezikwa hapo Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekufa tarehe 10 Januari 1959 baada ya ndege yake kugongana na ndege mla mizoga, wakati yeye na baba yake wakihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Baba, Bernhard Grzimek, alifariki mwaka 1987 naye akazikwa papo hapo. Filamu yao ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960 na kuufanya ulimwengu ujali mbuga ambayo wengi hawakuwahi kuisikia. Wanyama wanaotuletea fedha za kigeni leo wana deni kwa watu hawa wawili.

Ila bamba la mawe halisemi kwamba Bernhard Grzimek alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1937. Wala halisemi kwamba aliamini hifadhi ya taifa haipaswi kukaliwa na binadamu yeyote, hata mwenyeji aliyezaliwa humo. Fikra hiyo haikubaki vitabuni. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai waliweka saini ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 sheria ikaunda eneo la Ngorongoro, ambako waliahidiwa kuishi pamoja na mifugo yao na wanyamapori. Nilisimama pale muda mrefu kuliko watalii. Nilikuwa nakumbuka kwamba tulipopata uhuru tuliurithi mpango huo kama ulivyo. Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya bendera kupandishwa, Mwalimu alitoa tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, akiahidi kwa niaba ya taifa jipya kwamba tungewatunza kwa ajili ya watoto wetu. Lilikuwa tamko jema, na limetimizwa kuliko ahadi nyingi za viongozi wa Afrika.

Ukungu ulipoinuka, kreta ilionekana yote: ukuta wa duara wenye kina cha mita 600 hivi, sakafu ya majani iliyokauka rangi ya asali, ziwa la magadi liking'aa katikati. Nyumbu walikuwa vidoti. Hapakuwa na boma hata moja. Sisi tulio wageni huona utupu ule kuwa ndio asili ya mahali, tukasema pamebaki vilevile tangu Mungu aumbe. Si kweli. Hadi mwaka 1974 kulikuwa na watu wakiishi humo ndani na ng'ombe wao. Mwaka huo walitolewa na vyombo vya dola, vitu vyao vikapakiwa kwenye magari na kupandishwa nje ya kreta. Mwaka uliofuata sheria ikapiga marufuku kilimo katika eneo zima la Ngorongoro, hata kibustani cha mahindi nyuma ya nyumba. Marufuku hiyo ililegezwa mwaka 1992, kisha ikarudi. Mwaka 1974 hatukuwa na mkoloni wa kumlaumu. Serikali iliyofanya hayo ilikuwa yetu, na aliyeiongoza ni yule aliyempa mama yangu kalamu.

Baada ya Olduvai tuliiacha njia ya Serengeti na kuelekea kaskazini, tukakata uwanda wa Angata Salei. Ni nchi ya vumbi jepesi la majivu, iliyotandazwa na Oldoinyo Lengai, mlima wa moto unaokaa upande wa mashariki ukiwa na kilele cheupe kama uliomwagiwa chokaa. Gari lilikuwa likitimua vumbi lililotufuata na kutupita kila tulipopunguza mwendo. Jioni tulifika Malambo, kata ya Wamaasai iliyo ndani ya tarafa ya Sale.

Kwenye boma tulilolala kulikuwa na bibi mmoja ambaye kila mtu alimwita Koko, nami nikamwita hivyo. Alikuwa amezaliwa ndani ya kreta. Aliondolewa akiwa msichana, na baadaye akaolewa huku. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, mjukuu wake akatafsiri pale kilipokwama. Alinisimulia habari za magari huku akisukuma ushanga kwenye uzi, shanga moja baada ya nyingine, bila kuinua macho. Alizungumza zaidi juu ya maji. Alitaja chemchemi za kule kwa majina, moja moja, na ipi ilikuwa ya ndama na ipi ya ng'ombe wakubwa, na kwamba kulikuwa na chumvi ya mifugo ambayo hapa hawaipati.

Nikamuuliza habari za Nyerere. Nilidhani atanyamaza, au atamlaani.

"Alipokufa nililia," alisema. "Redio ilikuwa inaimba nyimbo za msiba siku nzima, nikalia. Alikuwa baba."

"Na kreta, Koko?"

"Kreta ni yangu. Hajanirudishia, wala hakuna aliyekuja kuniambia samahani."

Kisha akamwita mjukuu alete maziwa.

Usiku ule nililala nikiyageuza maneno yake. Bibi yule hakupima. Hakuchukua shule, zahanati na uhuru akaviweka upande mmoja, kisha kreta upande wa pili, akaangalia upi umeinama. Sisi tuliosoma ndivyo tunavyofanya. Ukitaja vijiji vya ujamaa katika baraza lolote la wasomi Dar es Salaam, atatokea mtu wa kukukumbusha elimu bure. Ukitaja elimu bure, atatokea mwingine wa kukukumbusha watu waliowekwa kizuizini. Mwishoni tunasema kwamba kila binadamu ana mapungufu yake, tukaagiza chai. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa: aliyepokea na aliyenyang'anywa si mtu mmoja. Mimi nilipewa shule. Koko alinyang'anywa chemchemi. Shule yangu haiwezi kulipa chemchemi yake, hata kama aliyenipa mimi ndiye aliyemwondoa yeye. Deni lina mwenyewe, na mwenyewe peke yake ndiye mwenye haki ya kulisamehe. Ninaposema mimi kwamba Mwalimu amesamehewa, ninatoa zawadi isiyokuwa yangu.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya mizani inalificha. Tunazungumza kana kwamba kulikuwa na Nyerere wawili, mwema na mkosaji, na kazi yetu ni kumbakiza mmoja. Historia haionyeshi hivyo. Mwezi Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kazi iwe imekwisha. Kufikia mwaka 1977 serikali ilihesabu watu wapatao milioni 13 katika vijiji. Umaasaini kampeni hiyo iliitwa Operesheni Imparnati. Sehemu nyingi nchini watu walihamishwa kwa nguvu, na kuna waliotazama nyumba zao zikichomwa ili wasirudi. Kijijini huko huko walikohamishiwa ndiko ilikojengwa shule, na shuleni ndiko lilikowekwa darasa la kisomo. Mkono uliogawa kalamu ndio uliowasha kiberiti. Vyote viwili vilitoka katika imani moja: kwamba kiongozi mwadilifu anaona mbali kuliko wanakijiji, na hana muda wa kungoja wakubali. Wema wake ndio uliomfanya awe mgumu kukatazwa. Nani angemwambia mtu asiyeiba, asiyelala, anayevaa shati lilelile, kwamba amekosea?

Kesho yake tuliingia Ubatemi. Nchi ilibadilika ghafla. Baada ya uwanda mkavu tulikuta bonde lenye kijani, mtama umesimama juu ya vichwa vya watoto, matuta ya viazi vitamu, na kando ya kila shamba sauti ya maji. Wabatemi wamekuwa wakimwagilia mashamba yao kwa mifereji tangu enzi za mababu wa mababu. Wamekaa katika vijiji vilivyosongamana, vilivyozungushiwa uzio wenye malango, vizazi vingi kabla ya serikali yoyote kuwaza juu ya kuwakusanya watu pamoja. Anayetaka kujua kijiji kinaweza kujiendesha vipi bila kuamriwa kutoka mbali, aje hapa.

Nilipelekwa mferejini na mzee mmoja aliyenipokea baada ya shikamoo kwa kuniuliza kama kwetu kuna maji. Alikuwa na jembe begani. Tulipofika kwenye makutano, alipiga magoti, akang'oa kwa mikono kizibo cha tope, mawe na majani makavu, akakihamishia upande wa pili. Maji yalisita kidogo, yakageuka, yakaanza kutambaa katika mfereji mwingine yakisukuma mbele yao povu la vumbi na wadudu waliokuwa wakikimbia. Zamu ya jirani yake ilikuwa imeanza.

Alinieleza habari za wenamiji, baraza la wazee wanaorithi cheo chao na kusimamia maji ya kijiji. Wao hupata maji kwanza. Wengine hupangiwa zamu, na asiye na haki ya kudumu huomba, na aghalabu hutoa mbuzi au asali ili apate. Sikuona sababu ya kuupamba utaratibu huu. Una upendeleo wa ukoo ndani yake, na mwanamke hana kiti barazani. Nikamuuliza mzee kama kuna mwenamiji ambaye amewahi kujipendelea kuliko haki yake.

"Wapo," alisema. "Lakini maji hayafichiki, mwanangu. Shamba likikauka, kila mtu anajua zamu ilikuwa ya nani, na atasemwa hapo hapo."

Nilimwomba arudie, nikaandika. Mwaka 1963 serikali ya Mwalimu ilifuta utawala wa machifu nchini kote, kwa sababu nzuri: cheo cha kurithi hakiendani na usawa. Wenamiji wa Ubatemi walibaki kwa kuwa maji hayakuweza kungoja katibu wa wilaya. Hata hivyo mwaka mmoja kabla, 1962, bunge lile lile lilikuwa limepitisha Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. Tulimwondoa chifu ambaye kijiji kizima kilimwona akikosea, tukampa mtu mmoja mamlaka ambayo hakuna aliyeweza kuyaona yakitumika. Kassim Hanga, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Zanzibar, alirudishwa visiwani mwaka 1969 mikononi mwa serikali iliyomuua. Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi nzima kuwaita wanawake waingie chama cha TANU, alikamatwa mwaka huohuo, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, na akaachiwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Tume ya Jaji Nyalali, iliyotoa ripoti yake mwaka 1992, iliiweka sheria hiyo ya kizuizini katika orodha ya sheria 40 kandamizi.

Siku ya mwisho nilifika Samunge. Si mbali, na jina lake linajulikana Afrika Mashariki nzima. Hapa ndipo mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alipowanywesha maelfu kwa maelfu kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Mawaziri walikunywa. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa wakafia humo kabla ya kufika, na wapo waliokunywa kisha wakaacha dawa za hospitali. Babu alifariki Julai 2021. Watu wa kijiji wanamkumbuka kwa upole, kama mzee aliyeamini alichosema na hakutajirika kwa shilingi hizo. Nami sina sababu ya kuwapinga. Ila nilipokuwa nikitembea katika uwanja uliojaa watu miaka ile na sasa una mbuzi tu, niliona kwamba ugonjwa wetu ni uleule. Tukimpenda mtu kwa usafi wa moyo wake tunaacha kumuuliza maswali, na gharama ya ukimya wetu hulipwa na mwingine aliye nyuma kwenye foleni.

Mwalimu mwenyewe alikuwa na tabia ya kukiri. Mwaka 1977 aliandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, na hakuficha kwamba taifa lilikuwa bado mbali na ujamaa. Mwaka 1984, alipoulizwa angebadilisha nini kama angeanza upya, alitaja kufutwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika. Ni viongozi wachache sana walio madarakani wanaothubutu kusema hivyo, na heshima yangu kwake iliongezeka nilipoyajua hayo. Lakini tazama alichokitaja: vyombo vya utawala. Waliochomewa nyumba hawamo. Waliopandishwa kutoka kreta hawamo. Aliona kosa la mfumo, na kosa dhidi ya mtu mwenye jina lilibaki bila kusemwa. Hapo ndipo kazi yake inapoishia na yetu inapoanza.

Tena si kazi ya makumbusho. Mwaka 2022 alama za mipaka zilisimikwa katika tarafa za Loliondo na Sale kutenga kilomita za mraba 1,500, na tangu mwaka huo familia za Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, wilayani Handeni, serikali ikisema ni kwa hiari na wakazi wengi wakikana. Katika mabishano hayo Mwalimu huitwa shahidi wa pande zote. Huyu anashika tamko la wanyamapori la 1961, yule anashika usawa wa binadamu. Wote wanamnukuu kwa haki, kwa kuwa yote mawili aliyasema na yote mawili aliyaamini. Kwa hiyo jina lake haliwezi kuamua kesi hii. Itaamuliwa kwa kuwauliza wenye ardhi na kulisikia jibu lao, hata likiwa hapana.

Ninachotaka ni kidogo, na kinawezekana. Kila tarehe 14 Oktoba tunasimama nchi nzima kumkumbuka. Tuendelee kusimama, anastahili. Ila katika siku hiyo hiyo, kwa sauti ileile na kwa lugha aliyotuachia, tuwataje Bibi Titi na Hanga, tuitaje kreta na mwaka 1974, tuzitaje nyumba zilizochomwa. Vitabu vya shule viwafundishe watoto Azimio la Arusha na Operesheni Imparnati katika sura moja. Na wale waliobaki hai, walio na umri wa Koko, wafuatwe na mtu mwenye mamlaka ya kusema samahani kwa niaba ya Jamhuri, kwa sababu Jamhuri ndiyo iliyopeleka magari, na Jamhuri haikufa naye mwaka 1999. Wakisamehe, watakuwa wamesamehe wenyewe. Wasiposamehe, ni haki yao, nasi tutaendelea kumshukuru Mwalimu kwa tulichopewa bila kudai kwamba shukrani yetu imelipa deni lao.